Watoto wa Kuazima

Jumatatu, 4 Agosti
Habari tamu! Shirika fulani litawapa maskini pesa kila mwezi, kwa kila mtoto. Watapita Mukurweini nyumba kwa nyumba wakitupima umaskini. Tatizo: nina mtoto mmoja tu, Anita. Tatizo la pili: nina kazi. Napakia maziwa kwenye lori la ushirika na mshahara hauchelewi. Aibu gani hii!

Jumanne, 5 Agosti
Nimeacha kazi. Meneja aliniuliza kama ni mgonjwa. Nikamwambia hapana, najiendeleza. Mke wangu Wamucii hakucheka. Amesema nisiporudi kazini kufikia Jumapili, atamchukua Anita waende kwa mamake, Sagana. Mke wangu huyu haoni mbali.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeazima watoto! Jirani yangu Kingori amenipa wawili kwa jogoo mmoja. Ndugu yake amenipa mmoja bure, na sasa najua kwa nini. Amemaliza uji wote, kisha akamuuma mbuzi. Ndiyo, mtoto ndiye aliyeuma.

Jumamosi, 9 Agosti
Mpimaji amefika. Msichana mpole wa Naro Moru, jina lake Sophie. Akatazama bati, akahesabu viti, akauliza majina ya watoto, yote akiyaandika kwenye simu. Mkubwa akasema Gikonyo. Yule wa kuuma mbuzi naye akasema Gikonyo. Maskini mimi! Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake, baba wa baba. Kingori na nduguye wana baba mmoja!

Sophie akauliza baba yangu anaitwa nani. Nikasema Mutahi. Akauliza, basi Mutahi mdogo yuko wapi? Nikasema hao ni mapacha. Mmoja ana miaka kumi, mwingine mitatu.

"Ati mapacha?" akasema Sophie, akafunga simu yake.

Akiwa mlangoni akaniambia Anita peke yake angetosha, na kazi yangu haingezuia kitu. Sasa nimeondolewa kwenye orodha kwa sababu ya udanganyifu. Nimeumia sana.

Jumapili, 10 Agosti
Nimemngoja meneja nje ya kanisa. Nafasi yangu ameshapewa Kingori. Ati anajulikana kwa bidii! Wamucii amefunga mizigo. Anita amenipungia mkono mpaka kwenye kona. Nimelia, kisha nikala ndizi mbili. Sasa hapa kuna umaskini wa kweli, na hakuna wa kuupima.

Jumatano, 13 Agosti
Siwezi kuishi hivi. Nimeamua kwenda Sagana kupiga magoti. Lakini leo, pale kwa kinyozi, nimesikia kuna pesa za wazee. Mama mkwe ana miaka sabini na minne!

Nimemtumia Wamucii ujumbe. Nimekosa, nimejifunza, rudini nyumbani, na mje na mama. Mimi siwezi kumwambia jambo kama hili, ni mkwe wangu, kwa hivyo amwombe yeye: aache kubeba viazi mgongoni mbele ya watu, na akiulizwa kitu, asisikie.