Mafuta ya Kondoo Kwenye Simu

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Basi ile springi ya simu ikaruka, ikapiga picha ya marehemu Wasike kwa pua, ikaingia chini ya kitanda. Andika hivyo hivyo, Milcah mjukuu wangu, usiipambe. Miaka ishirini bwana yangu ametengeneza simu za kampuni, mimi namshikia taa, na sasa wananiambia nitoke. Ati nyumba ni ya fundi wa simu, si ya mjane wa fundi. Joash karani ndiye alileta habari, tai shingoni kama kamba ya mbuzi. Jumamosi asubuhi kuna mtihani. Mimi na Dalmas, yule fundi wa saa, kila mtu amepewa simu moja nzee ya stoo, ile sahani ya kuzungusha namba imekwama. Mwenye ataifufua vizuri, kazi ni yake na nyumba ni yake. Nikamwambia sawa. Moyoni nilimwambia kitu kingine, hicho usiandike.

Wasike alikuwa anatia tone moja la mafuta ya cherehani, kwa ncha ya sindano. Mtu mkubwa hivyo. Lakini kwao walikuwa wachoyo, hata harusi yetu walichinja kuku. Mimi nimetia mafuta ya kondoo, yale mfugaji Kimaiyo ananiletea kutoka Kuresoi, kule juu kwa baridi. Vijiko viwili. Saa nane, jua kali, sahani inarudi kama mbwa ameitwa kula. Nyumba ni yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi ukungu mpaka mlangoni. Nimezungusha sifuri, sahani imerudi kama mzee anainuka kwa kiti. Saa sita imepona yenyewe. Ugonjwa gani huu wa asubuhi, kama mimba?

Nikakumbuka. Jana Dalmas alipita hapa, akaniuliza kama nimelala vizuri. Mtu hawezi kukuuliza umelalaje bure. Ameiroga. Milcah anasema labda mafuta yameganda, kama yanavyoganda kwa sufuria. Milcah, masomo ni yako, simu ni yangu. Andika.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempelekea Dalmas viazi, za kuchemsha, na chumvi. Ana nyumba yake kule Bondeni, bati mpya, na bado anataka yangu. Alipotoka kunawa mikono nikatoa simu yangu chini ya kikapu, nikaiacha hapo, nikabeba yake. Zote nyeusi, zote nzee, ni kama mapacha. Akarudi, akasema asante mama, marehemu ndiye alinifundisha kushika bisibisi. Nilisikia aibu. Ilikuwa imeisha kabla sijavuka reli.

Ijumaa, 8 Agosti

Hii ya Dalmas inazunguka vizuri, hata asubuhi. Lakini nimeifungua kuangalia. Kavu. Tone moja tu, kwa ncha ya sindano. Kumbe bisibisi haikutosha, Wasike alimfundisha hata uchoyo.

Nimeongeza mafuta ya kondoo, vijiko vitatu.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa mbili, ofisi baridi kama kaburi. Dalmas akaanza. Sahani yake ikaenda, ikarudi, krr, mpaka meneja akatabasamu, na huyo hutabasamu akiongea na waridi zake tu. Dalmas akasema alikuta simu imejaa mafuta ya nyama, hajui ni panya gani alitia, akaosha yote na mafuta ya taa, akaweka tone moja. Alikuwa ananiangalia. Nikaangalia dirisha.

Zamu yangu. Joash akazungusha sifuri, akaachilia. Akaonja chai. Akamaliza chai. Sahani bado iko njiani. Mbwa ya meneja akakuja, akaanza kulamba simu. Joash akaniuliza, mama, hii umetengeneza ama umekaanga?

Kazi ni ya Dalmas. Nikaanza kuhesabu sufuria zangu kwa kichwa, nitazibebaje. Halafu huyo Dalmas akamwambia meneja yeye ana nyumba, wamwachie mama chumba, awe akimwoshea sahani za simu na mafuta ya taa, kupaka atapaka yeye mwenyewe. Meneja akakubali. Lakini ikikwama simu hata moja mikononi mwangu, natoka siku hiyo hiyo.

Jumapili, 10 Agosti

Mahubiri ilikuwa ndefu, nikapata nafasi ya kufikiria. Kosa si mafuta. Kosa ni kondoo. Kondoo ni mnyama wa baridi, na huyo wa Kuresoi analala kwa ukungu maisha yake yote. Ng'ombe ana moto mwilini. Samli ya ng'ombe haiwezi kuganda, Milcah, na usinionyeshe mkebe wa samli, huo umeganda kwa sababu haufanyi kazi.

Simu ya meneja mwenyewe hii hapa mezani, tayari nimeiosha, inangoja Dalmas. Aipake tone moja, meneja aseme ni Dalmas. Nikiipaka mimi, kesho watajua Wasike aliacha nani.

Milcah ameweka kalamu chini. Ichukue. Nani anaita huko nje? Ni Dalmas, anataka simu. Nakuja, baba, ninaifuta tu vumbi.

Milcah, nipe kijiko. Hapana, kile kikubwa.