Geti la Kifaransa

Jumatatu, 4 Machi
Nimepoteza oda ya vitanda kumi na viwili leo saa tatu asubuhi, kwenye geti langu mwenyewe! Mtaa huu hauna shule, watoto wanavuka reli. Nikasema nijaribu shule wiki moja hapa karakanani, Kifaransa kitupu. Ikienda vizuri nafungua rasmi. Sheria nimeandika mimi: ukivuka geti, Kifaransa tu, asiyekiweza akae nje. Leo kaja mwenye hosteli. Madamu, mwalimu niliyemwajiri, akamzuia. Nikakimbia na randa mkononi, nikamkaribisha mzee wa watu kwa Kiswahili. Madamu akanitoa na mimi! Ng'ambo ya barabara shemeji yangu, kaka wa mke wangu, seremala wa misumari iliyopinda, akamvutia mteja kiti. Oda imebaki huko.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwambia Madamu sheria hainihusu, mimi ndiye mwenye shule. Kanijibu kwamba mwenye shule akiropoka, watoto nao wataropoka. Hoja nzuri. Inakera. Basi najifunza. Nimeanza na namba, biashara ni bei. Hadi jioni nimefika sitini. Mke wangu kauliza mteja atajuaje kwamba nazungumzia kitanda. Watu wa kukatisha tamaa hawakosekani!

Jumatano, 6 Machi
Akina mama wamejaa getini. Muuza mkaa kapaza sauti: yeye alitaka mwanawe ajue kusoma, hakuomba mtoto arudi nyumbani amejikojolea kwa kuwa hajui kuomba ruhusa kwa Kifaransa! Matusi haya, mbele ya wateja! Nilikuwa na jibu kali. Bahati mbaya nilikuwa ndani ya geti. Nikamhesabia kwa hasira mpaka sabini. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 7 Machi
Mjukuu wangu, miaka sita, kakanyaga msumari. Hakuita mtu. Alisimama tu akihesabu kwa Kifaransa, moja, mbili, tatu, machozi yanamtoka, maana hakuwa na maneno mengine. Madamu alipoona damu akapiga yowe: jamani, leteni maji, mtoto kaumia! Nikamfunga mtoto kitambaa. Halafu nikakumbuka. Yowe lile lilikuwa Kiswahili! Nikamwonyesha Madamu ubao wa sheria, nikamwonyesha geti. Sheria ni sheria. Akanitazama. Akambeba mjukuu wangu mgongoni, akatoka, akavuka barabara. Watoto wote ishirini na mmoja wakamfuata kama vifaranga. Kwa shemeji!

Ijumaa, 8 Machi
Kwa shemeji kuna mkeka na ubao wa chaki. Wanasoma herufi kwa Kiswahili, Kifaransa kipindi kimoja tu. Uzembe! Muuza mkaa anapiga makofi. Mjukuu kanipungia mkono, mguu una bandeji. Mke wangu anasema nivuke nikaombe radhi. Radhi! Mimi niliyewapa shule wasiokuwa nayo? Nimekaa, nimepiga hesabu. Sheria haikuwa na kosa. Kosa ni geti kuwa moja. Naongeza la pili, la Kichina.

Madamu nimempelekea ujumbe. Anarudi au harudi? Kesho saa mbili kamili asubuhi nataka jibu la moja kwa moja, bila kuzungukazunguka, tena kwa Kifaransa. Nitamwelewa tu. Nimeshafika mia.