Uso Wangu Katika Filamu ya Mgomo

Jumatatu, 15 Oktoba 1984

Tangazo limebandikwa kilabu cha reli! Nimelisoma mwenyewe, bila msaada, nusu saa tu. Jumamosi inaonyeshwa filamu ya ule mgomo wa zamani wa wakata miti. Ile iliyopigwa hapa hapa mjini kwetu miaka kumi iliyopita, kisha wanajeshi wakashika nchi wakaifungia kabatini. Sasa wao wameondoka, filamu imetoka. Nami nimo! Shoka begani, kofia upande. Mwongozaji kutoka Buenos Aires aliniambia uso wangu ndio historia ya nchi hii. Wengine nao waliambiwa. Lakini mimi kwanza.

Zulema lazima aone. Binti yangu wa pekee, yuko mjini Rosario. Hajaja tangu tumzike mama yake, miaka minne. Bado naosha sahani mbili. Sijui kwa nini.

Jumanne, 16

Nimempigia simu kutoka dukani kwa doña Hortensia. Nikamwambia baba yako ndiye nyota. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba meya atanivisha nishani. Akauliza, "Kweli Baba, au ni zile zako?" Nikaapa kwa kaburi la bibi yake. Anakuja! Basi la Jumamosi!

Doña Hortensia alisikia kila neno. Akaniambia pole, don Tránsito. Pole ya nini sasa?

Jumatano, 17

Meya hana nishani. Karani wake hana adabu. Hakuna neno, ninayo yangu sandukuni, ya maonyesho ya ng'ombe ya 1961. Nimeisugua kwa majivu, inang'aa kama jua. Nikaenda kwa Eleuterio kinyozi, nimringie kidogo. Yeye naye aliigiza, mmiminaji wa yerba, ile chai yetu chungu ya majani, kazi ya kukaa kitako. Akavaa miwani, akaisoma mbele ya wateja wote: "Ndama Bora." Akasema hongera bwana ndama, leo tunanyoa ndevu au tunakata pembe?

Nimekwangua kwa msumari. Limebaki "Bora". Linatosha.

Ijumaa, 19

Nimefagia hadi nyuma ya jiko. Kitanda cha Zulema nimekitandika shuka za mama yake. Nikakaa ukingoni kukijaribu. Nilipoinuka maji yangu ya yerba yalikuwa yamepoa kabisa.

Jumapili, 21

Jana sikuweza kuandika. Mkono uligoma.

Zulema alifika, koti la buluu, amekonda. Nikamwambia meya amenivisha nishani asubuhi, faragha, hapendi makelele. Ukumbi ulifurika. Tukakaa mstari wa mbele, na nikawaambia wa nyuma yetu wafumbue macho.

Ikafika sehemu yangu. Wakata miti wameuzunguka moto, wanapanga mgomo. Kibuyu kimoja cha yerba kinazunguka, anayekipokea ndiye anayesema, na kamera inakifuata kibuyu. Eleuterio anamimina. Sasa mimi, siku ile ya kupiga picha, niliona nikae tu kama bubu kwa nini? Nilipopewa raundi ya kwanza nikasema, "Asante." Kwa sauti nzito, ifike Buenos Aires. Na kwetu hata mtoto anajua: ukisema asante umetosheka, hupewi tena. Eleuterio, kwa adabu au kwa roho mbaya, akaniruka raundi zote zilizofuata.

Basi jana sauti yangu ikasikika, kamera ingali kwa jirani. Halafu kibuyu kikazunguka na kuzunguka, na mgomo wote ukapangwa bila mimi. Eleuterio alijaa kitambaa kizima cha sinema, yeye na pua yake. Mimi kiwiko. Kiwiko cha kulia! Mtu akapiga kelele, "Tránsito keshashiba, gomeni wenyewe!" Ukumbi ukapasuka.

Mwishoni askari wakawamiminia risasi wakata miti, na hapo hakuna aliyecheka. Doña Hortensia alilia, baba yake alikuwa mmoja wa wale wa kweli waliouawa. Mimi nilikufa vizuri sana, lakini nyuma ya gogo.

Zulema hakucheka hata mara moja. Alinishika mkono mpaka nyumbani. Leo asubuhi, mguu mmoja tayari ndani ya basi, akasema, "Baba, ungeniambia tu kwamba uko peke yako. Ningekuja." Basi likaondoka. Nilisimama pale mpaka vumbi likatulia, na hata baada ya hapo.

Jumatatu, 22

Nimeyafikiri sana maneno ya Zulema. Mtoto mwema, ila dunia haijui. Nani apande basi siku nzima kuja kumtazama mzee aliye peke yake? Wazee wa namna hiyo wamejaa kila kituo njiani, angeshuka cha kwanza.

Nimemwandikia barua, kurasa mbili, herufi kubwa. Nimemweleza kwamba mji unanijengea sanamu uwanjani. Ya shaba. Nimejiweka juu ya farasi, ili asichelewe kuja.