Maua Juu ya Kifaru

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kazi haijakwenda tangu asubuhi. Si umeme. Ni Theopista.

Ameacha cherehani yake, akavuka barabara, akasimama mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu. Akasema baba yake hataki mshenga. Hataki mjomba, hataki katekista, hataki mtu wa kutumwa. Anataka mwanaume mwenyewe aje, akae kwenye kochi, aseme kwa mdomo wake anachotaka. Mwisho Jumapili hii baada ya misa. Nikauliza haraka yote hii ya nini. Akasema Cletus ameshakwenda, ameshakaa kwenye kochi, ameshasema.

Cletus! Yule wa duka la pembejeo. Kazi yake kuuza dawa ya viwavi na kucheka kwa sauti.

Niandike hapa, ili nikikutwa nimekufa watu wajue: mimi Nestori si mwoga. Ni mtu wa tahadhari. Mzee Bartolomeo ni sajenti mstaafu wa jeshi, ameendesha vifaru vya vita nusu ya maisha yake, na getini kwake pale Misunkumilo kuna mbwa anaitwa Kamanda. Mwaka mzima huu wa uchumba nimefika mpaka getini. Ndani sijaingia. Hata kwenye msiba wa mama yake Theopista mwaka jana nilikaa nje, chini ya turubai, upande wa karibu na barabara, nikaondoka mapema.

Theopista akaongeza kwamba kuna kitu cha nyumbani kimepotea na baba yake hana raha mpaka kipatikane. Ni kitu gani? Akasema nenda ukamuulize mwenyewe, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo. Nikasema nitaona. Akarudi kwenye cherehani yake bila kuniaga.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata njia! Tena bila kumuuliza mtu.

Nilikuwa napita kwa Patrick wa mitumba pale sokoni Kashaulili. Katikati ya wanasesere wasio na mikono nikaona kifaru. Kifaru cha plastiki, kile cha kununua vipandevipande ukagundisha mwenyewe, ukubwa wake kama mkate. Umbo safi kabisa, mtutu upo, minyororo ipo. Lakini rangi! Mtu amekipaka waridi chote, halafu juu yake maua makubwa mekundu na ya njano kwa rangi ya kucha. Mengine yamechuruzika. Nimeona kazi mbaya maishani, lakini hiyo ilikuwa dharau kwa jeshi. Patrick akasema kimetoka kwa mama mmoja aliyehamia Sumbawanga, alimuuzia pamoja na masufuria na mito ya makochi. Sikuuliza zaidi.

Mpango ni huu. Natoa ule uchafu wote. Napaka kijani cha jeshi, naweka mabaka. Jumapili nakiweka mezani kwa Mzee. Atakumbuka ujana wake, machozi yatamtoka, ataniita mwanangu kabla sijafungua mdomo. Hicho alichopoteza, kiwe nini, atakisahau. Na mdomo wangu hautahitajika kabisa.

Njiani kurudi nikakumbuka jambo, nikasimama katikati ya barabara. Raia haruhusiwi kuvaa mabaka ya jeshi. Je, kuyapaka? Kifaru kinahesabiwa kama nguo? Sijui wa kumuuliza. Nikiuliza ndiyo nimejitaja.

Jumatano, 11 Juni

Nimenusurika. 

Asubuhi Cletus kaja kibandani. Kanisalimia vizuri, dalili mbaya. Kisha kauliza kama katika pitapita zangu za mitumba nimeona kifaru cha kuchezea, kina maua.  Kifaru kilikuwa chini ya miguu yangu, ndani ya boksi la chaja. Nikasema hapana, maua gani tena? Akasema ni jambo kubwa, akataka kunieleza. Nikamwambia nina wateja. Hakukuwa na mteja hata mmoja, sote wawili tulikuwa tunaona. Akasema basi, nikikiona nimwambie yeye au niende moja kwa moja kwa Mzee.

Mwizi wa mawazo! Naye amewaza kumpelekea Mzee kifaru. Na habari za maua bila shaka kazipata kwa Patrick. Hapo nikaelewa kwamba maua lazima yaondoke leo leo, ili hata akikiona asikitambue.

Nikafunga kibanda, nikajifungia chumbani na chupa ya thina ya kuyeyushia rangi, brashi na fulana kuukuu. Yale maua yalinitoa jasho. Kumbe hayakupakwa ovyo kama nilivyodhani. Kila ua lina tabaka juu ya tabaka, na katikati vidoti vidogo vidogo. Mtu alikaa nayo. Nikajisikia vibaya kidogo, halafu nikamkumbuka Cletus, nikaendelea kusugua. Thina haina adabu, plastiki ikaanza kulainika, mtutu ukalala kama tambi. Nimeukata. Nitaweka mrija wa kalamu.

Harufu ikamfikia mwenye nyumba wangu, Mama Emelyne. Akagonga mlango kwa ngumi, akiamini nakunywa sumu kwa ajili ya mapenzi. Nikafungua. Akakiona kifaru mezani, akarudi nyuma hatua moja. Mama Emelyne amekulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, alivushwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake. Akaniomba nikifunike. Nikakifunika. Alipokuwa anatoka akasema mtu aliyeona vita hapelekewi vita nyumbani kwake, mwanangu. Mpelekee sukari, na uso wako.

Sukari! Hata Cletus anaweza kupeleka sukari.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa Fabrice anayepuliza rangi magari, kuomba mabaki ya kijani. Akauliza kijani cha kazi gani. Nikasema dirisha. Akauliza dirisha gani la kijani cha jeshi. Nikasema dirisha la nje. Akacheka, akanipa kwenye kopo la nyanya, akasema nikikamatwa nisimtaje. Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.

Nikaweka kopo kibandani, kwenye droo, pamoja na kifaru. Sijamaliza hata kufunga droo, kivuli kikaanguka mezani. Mwanajeshi! Magwanda kamili, buti, kofia. Akaweka mikono yake miwili juu ya meza, usawa wa droo ile ile. Akaniangalia. Nikamwangalia. Nikaanza kumweleza kwamba mimi ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Usevya, sina historia yoyote mbaya, na kwamba mambo mengine mtu hufanya kwa nia njema. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama nina chaja ya tundu dogo.

Nikampa mbili. Akaondoka akigeuka nyuma.

Mchana sikula.

Ijumaa, 13 Juni

Kimekamilika. Kijani safi, mabaka nimeyapiga kwa dawa nyeusi ya viatu. Antena ni waya wa spika za masikioni. Gurudumu moja lilivunjika nikisugua, nimeweka kifungo cha shati. Ukikiangalia kutoka mlangoni, macho nusu, ni kifaru kabisa. Waridi kidogo imebaki ndani ya minyororo, brashi haifiki. Nani ataangalia huko?

Theopista kavuka barabara tena. Akasema nanuka thina. Nikasema kazi. Akashika mkono wangu, nikafurahi, kumbe anaangalia kucha. Kucha zilikuwa na waridi pembeni. Nikasema ni kava la simu ya mteja, lilichuja. Akauliza kama nimeshakwenda kwa baba. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Jumapili kila kitu kitajisemea chenyewe.

Akaniangalia kama anayepima kitambaa kisichotosha gauni.

Jumapili, 15 Juni

Ee Mungu wangu. Naandika nimekaa sakafuni, kitandani siwezi.

Nilifika getini baada ya misa. Kamanda akaja mbio, nikanyanyua boksi juu ya kichwa na kufumba macho. Akaninusa magoti, akaenda zake. Mzee akatoka mwenyewe kunipokea. Nikasema shikamoo, ikatoka sauti nyembamba ya kuku. Akaitikia kwa upole. Yule Mzee ni mfupi! Anavaa sweta na malapa. Akanikaribisha ndani, akanionyesha kochi, akakaa mbele yangu, mikono magotini.

Akasema haya mwanangu, karibu, sema.

Ndiyo saa niliyoingoja. Sikusema. Nikasukuma boksi.

Wakati anafungua, nikainua macho ukutani ili nisikutane na yake. Kuna picha kubwa pale, ya marehemu mke wake. Amekaa kwenye kiti uani, amekonda, anacheka. Mapajani ameshika kifaru. Cha waridi. Chenye maua mekundu na ya njano.

 Nikatafuta mlango, Theopista alikuwa amesimama hapo na sinia la chai.

Mzee alikuwa amekigeuza tumbo juu. Chini yake kuna namba imekwaruzwa kwa msumari, mimi niliipaka kijani bila kuisoma. Akaipapasa kwa kidole gumba. Kisha akaanza kusimulia, polepole, kama ananisimulia mimi, lakini anakiangalia kifaru. Kwamba wenzake kikosini walimpa siku anastaafu, na namba yake ya jeshi wakaikwaruza wao. Kwamba mke wake alikataa kitu cha vita kukaa sebuleni kwake. Kikakaa hivyo kabatini mpaka mama alipougua, hawezi tena kwenda shamba, ndipo akakiomba. Akawa anakipaka maua kidogo kidogo kila siku aliyopata nguvu. Alipomaliza akasema sasa kinaweza kukaa na watu. Siku ya msiba, mtani wa Mzee, marehemu Stanslaus, akakibeba kwa utani kama watani wafanyavyo, akatoka nacho mbio, watu wanacheka katikati ya kilio. Akasema hakirudi mpaka apewe beberu. Mzee alikuwa anajiandaa kumpelekea beberu wake akikomboe, Stanslaus naye akafariki. Mjane akahamia Sumbawanga. Vitu vikauzwa.

Akakiweka mezani. Halafu Mzee akauliza:

"Nani ameyafuta maua ya mke wangu?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Ningeweza kukimbia. Nilikuwa na jibu, nilikuwa nalo kabisa mdomoni, ni neno moja tu, mimi. Mdomo ukafunguka wenyewe ukasema nilikikuta hivi hivi, Mzee.

Theopista akaangalia kucha zangu. Mzee akaangalia ndani ya minyororo, pale kwenye waridi iliyobaki. Akanishukuru kwa kukirudisha nyumbani. Akaniambia ninywe chai.

Nilikunywa. Ilikuwa ya moto sana, sikuthubutu kupuliza.

Jumatatu, 16 Juni

Theopista alikuja kabla sijafungua kibanda. Macho mekundu. Akasema baba yake anajua. Alijua pale pale. Amesema maua yameshakwenda, hasira haziyarudishi. Anachotaka ni kusikia kwa mdomo wa aliyeyafuta, basi, hakuna kingine. Jumatano jioni geti litakuwa wazi. Hata Kamanda atafungwa, kwa sababu Mzee aliona nilivyotetemeka.

Nikasema atanipiga. Akasema hajawahi kumpiga mtu yeyote mbele yake. Kisha akasema, na hili naliandika kama alivyolisema:

"Nestori, hata mimi sitaki maua. Nataka mtu ambaye nikimuuliza kitu, ananijibu."

Nikamwambia nitakuja. Nilimaanisha. Nilipokuwa nasema nilimaanisha kabisa.

Alipoondoka nikaanza kufikiri. Mbwa amefungwa, sawa. Kwa kamba ya urefu gani? Na kwa nini jioni? Kwa nini geti liachwe wazi? Sajenti mstaafu anaachaje geti wazi bila sababu? Jasho limeanza upya.

Jumatano, 18 Juni

Habari njema! Nimepata ufumbuzi, na siku ya leo nimeitumia vizuri.

Patrick hana kifaru kingine, lakini ana katapila la plastiki. Ukiliondoa koleo la mbele, ukaweka mrija wa kalamu, ni kifaru. Nimenunua rangi ya kucha, waridi, nyekundu na njano. Nitapaka maua, nitalilowesha kwenye chai ya rangi lionekane la zamani. Kisha nitamwambia Mzee kile cha Jumapili kilikuwa kingine kabisa, kimefanana tu, na cha kweli ndicho hiki, nimehangaika mpaka nimekipata. Hapo hakuna aliyefuta maua ya mtu. Hakuna kosa, hakuna wa kuulizwa. Tatizo ni ile namba ya tumboni, sikuinakili. Nilitaka kumuuliza Theopista, lakini cherehani yake leo imefunikwa kitambaa mchana kutwa.

Jioni nimepita Misunkumilo kukagua kamba ya mbwa. Nikajibanza nyuma ya tanuri la matofali, ng'ambo ya barabara. Geti lilikuwa wazi kweli, lote. Pikipiki ya Cletus ipo ndani, Kamanda amefungwa hapo kando amelala kichwa juu ya tairi. Nikamsikia Mzee anacheka sebuleni. Sikuwahi kumsikia akicheka. Si sauti ya kutisha hata kidogo.

Theopista akatoka mpaka getini. Akaangalia barabara upande wa mjini, akaangalia upande wa huku kwangu. Akasimama pale mpaka vumbi la bodaboda iliyopita likatulia. Nilichuchumaa zaidi, goti likagusa tope la matofali. Akafunga geti.

Bahati nzuri hakuniona. Nimerudi nyumbani nikaanza kazi, na ua la kwanza limetoka vizuri sana.