Tepu Niliyobandika Kwenye Swichi ya Barasa

Leo ni Jumatano. Nimepoteza maji ya kujaza matangi mawili, ambayo hayakuwa yangu, na heshima, ambayo ilikuwa yangu. Nawaambia mapema kabla hamjaambiwa na watu wa Ngara.

Mnajua ndugu yangu Barasa alitutoka. Jumanne yake ya mwisho kazini, saa kumi jioni, alimaliza kufunga kifaa kwenye flati za Mama Mutheu kule Ngara. Sensa inakaa juu ya tangi la paani na kupima maji kila baada ya sekunde chache. Tangi likipungua, kifaa kinawasha pampu; likijaa, kinaizima. Alikiwasha kwa kidole chake. Ijumaa hakuamka.

Tuliporudi kutoka kumzika Bungoma, nilipanda pale paani. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka. (Nililia. Hilo pia mlijue.) Nikatoa tepu nyekundu, nikafunika swichi, nikaandika kwa herufi kubwa: USIZIME. Kifaa kina betri, kwa hiyo hata stima ikipotea hakizimiki. Nilitaka kibaki vile alivyokiacha.

Musyoka, keateka anayetunza flati pale, alijaribu kuniambia. "Lakini Barasa alisema kila mwisho wa mwezi nizime niwashe."

"Usikiguse."

"Sawa, bosi."

Leo saa tatu na kitu asubuhi nilikuwa kibandani kwangu Kenyatta Market, nikitengeneza drayer ya saluni, ile ya kukausha nywele. Simu ikalia.

"Wekesa, maji inateremka ngazi yangu kama mto. Kuja uone mashine ya ndugu yako!"

"Haiwezi kuwa hiyo, Mama Mutheu."

"Basi ni mvua imenyesha ndani ya nyumba."

Nilipofika, Musyoka alikuwa amekata stima ya pampu. Wapangaji walikuwa wameinua magodoro. Mama Mutheu alikuwa na maneno machache. "Leo hiyo takataka inang'olewa. Naweka boya la plastiki, kama la tangi la choo. Hilo halina kompyuta."

Hapo ningenyamaza. Kwa kawaida mimi hunyamaza. Lakini hicho ndicho kitu cha mwisho Barasa alichotengeneza, kwa hiyo nikatoa hotuba. Nikasema kifaa cha Barasa hakikosei. Nikasema kuna mtu amekigusa. Kisha nikamtazama Musyoka, na ngazi nzima ikamtazama Musyoka.

"Mimi?" akasema. "Na vile ulifunga tepu kama polisi?"

Nikampigia Otieno, aliyefanya kazi na Barasa katika duka la vifaa vya umeme mjini. Niliwaambia watu wote wasubiri, fundi anakuja kuthibitisha. (Mimi mwenyewe ndiye niliyewaita mashahidi.) Otieno akaja na laptopu, sote tukapanda paani, akachomeka waya kwenye kifaa, akasoma.

"Hiki kinahesabu muda kwa elfu za sekunde tangu kiwashwe," akasema. "Namba ikijaa inarudi sifuri, kama mita ya gari kuukuu ikipita tisa zote. Inajaa baada ya siku arobaini na tisa na saa kumi na saba."

Nikahesabu kwa vidole. Jumanne ile ya Barasa, wiki saba kabla ya jana, saa kumi jioni. Leo, saa tatu asubuhi. Vidole viliisha, jibu likabaki lilelile.

"Kilijiandikia saa ya kupima tena," Otieno akaendelea, "kabla haijafika, hesabu ikarudi sifuri. Kikabaki kinangoja. Na pampu ilikuwa imewaka."

"Kingengoja mpaka lini?" Mama Mutheu akauliza.

"Karibu siku hamsini zingine."

Hata hapo ningeokoka. Lakini Otieno akasema, "Ngoja, Barasa aliandika maneno hapa," akayasoma kwa sauti: "'Kitakwama siku ya hamsini. Nitarekebisha. Kwa sasa Musyoka azime awashe kila mwisho wa mwezi.'"

 

Mama Mutheu akaelekeza kidole kwenye tepu. "Na hii mwandiko ni ya nani?"

"Yangu."

Nilimwomba Musyoka msamaha mbele ya ghorofa nne. Akasema, "Sawa, bosi," kwa sauti ileile ya siku ile.

Otieno akabadilisha mstari mmoja. Kifaa hakitangoja tena saa fulani. Kitatoa muda wa kipimo cha mwisho kwenye muda wa sasa, kione zimepita sekunde ngapi. Alisema hesabu hiyo haiharibiki hata namba ikirudi sifuri.

"Sasa kizimwe kiwashwe," akasema.

Wakanitazama. Nikabandua tepu. Nikazima. Taa ya kijani ikafa. Nilisema nitahesabu mpaka kumi. Nilifika ishirini na sita, na hakuna aliyenisukuma. Nikawasha.

Musyoka akafungulia maji kidogo ili tangi lipungue, akarudisha stima. Pampu ikanguruma. Tangi lilipojaa, ikanyamaza yenyewe.

Mama Mutheu akakiangalia kile kifaa. "Kitabaki," akasema. "Lakini boya nitaweka pia." Kisha akanipa mopu. "Anzia juu."

Nilikuwa nimefika ghorofa ya pili mpangaji mmoja alipopanda na viatu vya tope. Akasimama, akaniambia pole sana kwa kufiwa na ndugu. Nikamshukuru, nikangoja apite, nikarudia ngazi zote alizokanyaga.