Milimita Nane za Injinia Grisi

Kuna mtu aliyejiita Injinia, ila mtaa mzima ulimwita Grisi kwa jinsi ulimi wake ulivyoteleza. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea pampu ya upepo kwenye kituo cha mafuta, akisubiri riziki ipite. Karakana hakuwa nayo. Spana alikuwa nazo mbili, na moja aliitumia kufungulia soda. Alichokuwa nacho ni ovaroli safi kuliko shuka la hospitali, na gari dogo jeupe alilolipenda kuliko ndugu zake wote ukiwajumlisha.

Riziki ikaja saa nne, ndani ya gari la buluu lililokuwa likihema kama limekimbizwa na mbwa. Akashuka karani mstaafu wa mahakama, uso umekunjamana.

"Umemwona yule aliyepita?" akamuuliza mjaza mafuta. "Shemeji yangu yule. Kila tukipanda mlima ananipita, halafu ananipungia mkono. Angenipita tu ningevumilia. Ila ule mkono!"

Grisi akaachana na pampu.

"Shikamoo mzee wangu. Samahani kwa kuingilia. Gari lako lina sisi ngapi?"

"Marahaba. Sisi ni wawili tu, mimi na mke wangu."

Grisi alicheka kwa adabu, kile kicheko cha daktari mbele ya mgonjwa mwenye uwezo. "Nauliza ukubwa wa injini, mzee."

"Aa! Elfu moja na mia tatu."

"Basi ugonjwa ndio huo. Nikikupa elfu moja na mia nne na ushee, injini ileile, gamba lilelile, shemeji yako ataanza kuizoea namba yako ya nyuma."

"Injini ileile itaongezekaje? Unainywesha uji?"

"Krenki, mzee. Ule mhimili ulio tumboni mwa injini, wenye viwiko vinavyosukuma pistoni juu na chini. Tunajazia chuma upande wa nje wa kiwiko, kisha tunakichonga upya, kinasogea mbali na kati. Kiwiko kikisogea, pistoni inakwenda safari ndefu zaidi. Safari ikiwa ndefu, inavuta hewa nyingi. Hewa nyingi, nguvu nyingi. Shemeji, vumbi."

Kwa kumtendea haki, tukiri kwamba kila alichosema kilikuwa kweli tupu. Kazi hiyo ipo na mafundi wanaifanya. Kasoro yake ilikuwa ndogo tu: hakuwa na nia hata chembe ya kuifanya. Mpango wake ulikuwa kukaa na gari wiki tatu, kuosha injini, kuipaka rangi nyekundu, na kutoboa bomba la moshi lingurume. Mtu akisikia ngurumo huamini anakimbia. Ndiyo maana bei aliyotaja ilikuwa ya huruma kabisa, kwa sababu kutofanya kazi hakuna gharama.

Karani aliisikia bei hiyo akakohoa kidogo, kama mtu aliyemeza furaha asiyotaka ionekane.

"Nakubali. Ila mimi nimekula mkate wa maandishi miaka thelathini. Tuandikiane."

Wakaandikiana sebuleni kwa Karani, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha maua. Mkataba ulikuwa na kurasa nne. Kifungu cha saba kilisema kwamba injini itapimwa na mtu huru, na safari ya pistoni isipoongezeka kwa milimita nane, gari la fundi litakuwa mali ya mteja.

Grisi alikisoma kifungu hicho akatabasamu. Nani duniani anapima ndani ya injini iliyofungwa? Akatia saini yenye mikia mitatu, akapokea malipo yote papo hapo, akaacha kadi ya gari lake jeupe kama dhamana, akaondoka na gari la buluu huku akimwonea Karani huruma ya kweli.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Kipimo kuazima krenki mbovu ya kumwonyesha mteja kana kwamba ndiyo inayochongwa. Mama Kipimo alikuwa mchonga vyuma, mwenye mashine kubwa kuliko chumba chake, na miwani iliyofungwa kwa waya. Jina lake lilitokana na tabia ya kupima kila kitu, hata mkate dukani.

"Wewe ndiye mwenye kazi ya Karani?" aliuliza bila kuinua macho. "Alinipigia simu. Mpimaji ni mimi."

"Utapimaje, mama, na injini imefungwa?"

Mama Kipimo akachukua njiti ya gurudumu la baiskeli. "Nafungua plagi. Natumbukiza hii mpaka ikae juu ya pistoni. Nazungusha injini kwa mkono. Pistoni ikifika juu, natia alama. Ikifika chini, natia nyingine. Kati ya alama na alama ndiyo safari yake. Mtoto wa chekechea anaweza."

Grisi alihisi ovaroli imembana.

"Mama yangu," akasema, ulimi ukirudia kazi yake, "milimita nane ni nini kati ya watu wanaoheshimiana? Ukiona mbili, andika nane. Nami nitakukumbuka."

"Nane ni nane."

"Tano?"

"Nane. Na gari lako nimeliona hapo nje. Zuri. Linatunzwa." Alilitazama kwa muda, kama mtu anayefikiria nafasi ya kuliegesha.

Usiku mmoja Grisi aliwaza kutoroka, lakini kadi ilikuwa kwa Karani, na bila kadi gari lile lingebaki bati lenye magurudumu. Asubuhi akarudi kwa Mama Kipimo na sauti ndogo. "Mama, kuchonga kwenyewe ni kiasi gani?"

Mama akataja. Grisi akaomba kiti.

Zilifuata wiki tatu za aibu kubwa, yaani za kazi. Malipo ya Karani yaliishia kwenye krenki. Beringi mpya zikala televisheni yake. Kisha ikagundulika kwamba pistoni za zamani, zikipanda safari hiyo ndefu, zingegonga kichwa cha injini, kwa hiyo zikatafutwa fupi zaidi, nazo zikaondoka na makochi. Mama Kipimo hakumruhusu kukaa akitazama. Alimsimamia afungue kila nati, asugue kila tundu, na alipokosea alimwambia "rudia" kwa upole wa kutisha. Siku injini ilipowaka na kutulia, ikiunguruma chini kwa chini bila bomba kutobolewa, Grisi alijikuta anatabasamu peke yake. Aliona haya akaacha.

Siku ya kupima, Karani alikuja na shemeji yake, mwanamume mnene mwenye furaha. Njiti ikaingia, ikatoka. Mama Kipimo akaweka rula juu ya alama, akalinganisha na kipimo cha zamani.

"Nane na nusu."

"Ahsante, dada," alisema Karani.

Grisi aligeuka polepole. "Dada yupi?"

"Huyu. Tumbo moja. Na huyu shemeji ni mumewe."

"Mmenitapeli!"

"Kifungu kipi?" Karani aliuliza kwa hamu ya kweli, akitoa miwani. "Mwaka mzima namwomba dada anifanyie kazi hii. Ananitajia bei yake, na hapunguzi hata kwa ndugu. Nikaishia kuhema barabarani. Wewe ukaja mwenyewe na bei nusu. Nilichofanya ni kuandika vizuri." Akamkabidhi kadi yake kwa mikono miwili. "Umetimiza ahadi. Nimewaambia watu wote wa kikao chetu cha wastaafu kwamba mafundi waaminifu bado wapo."

Grisi alirudi nyumbani kwake, akaketi sakafuni, maana makochi hayakuwepo. Hakuwa amelala vizuri kwa wiki tatu. Alilala hadi jua likapanda, akaamshwa na honi.

Alichungulia dirishani. Magari matano yalikuwa yamepangana mbele ya lango, na kando yake wazee watano waliooga na kuchana nywele, kila mmoja ana bahasha.

"Injinia!" aliita wa kwanza. "Shikamoo hatukudai, sisi ni wateja! Tumekuja na mikataba, Karani katuandikia. Bei ileile, kifungu cha saba kilekile. Na mpimaji ameshatangulia kutia saini."

Nyuma yao, kwenye kivuli cha ukuta, Mama Kipimo alikuwa akiufuta mkanda wake wa kupimia, hana haraka yoyote.

Grisi alitazama ukuta wa nyuma, akaona ni mrefu; kisha akaikumbuka ile injini ikiunguruma chini kwa chini. Akafungua mlango, akatoka peku.

"Wazee wangu," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani maneno yakamwishia hapo. Akanyoosha mkono. "Nani ana kalamu?"