Makala Yangu (na ya Jeilani) kwa Bi Barka

Jumatatu, 16 Mfungo Tano 1330

Balaa! Bi Barka anataka chumba chake. Tulikuwa katikati ya darsa, mimi nimesinzia kidogo tu, sauti yake ikashuka kutoka dirisha la juu. Akamwambia Mwalimu Mohdhar kwamba ukiandama mwezi wa Mfungo Sita chumba kiwe tupu, kwani ataweka mbata zake. Nazi kavu! Miaka sita ametuazima chumba cha chini cha nyumba yake, na sasa nazi zitakaa pale tulipokaa sisi. Asema faida ya darsa hajaiona. Kelele amezisikia.

Mwalimu akainamisha kichwa. Nyumba yake mwenyewe ni ndogo, na msikitini kuna darsa mbili tayari. Maana yake, darsa yetu imekwisha.

Mimi nitaishi. Lakini Jeilani! Jeilani ametoka Mbwajumali, kisiwani Pate, hana jamaa hapa Lamu, na hulala humo humo chumbani na vitabu vyake. Kwetu hawezi kulala, nina dada wanne hawajaolewa. Chumba kikifungwa atarudi Pate kulima mtama na ami yake. Kijana anayesoma ukurasa mara mbili akakifunga kitabu! Mimi naufungua mara ishirini na bado hatujuani. Sitaki aende. Naandika wazi kwa sababu shajara hii haisomi mtu: sina rafiki mwingine.

Lazima ipatikane hila. Nitaifikiria baada ya kula.

Jumanne, 17 Mfungo Tano

Hila imepatikana! Tutaandika makala katika gazeti la Unguja, lile lenye ukurasa mmoja wa lugha yetu. Dada yake Bi Barka anakaa Unguja na husomewa gazeti hilo kila linapotoka. Bi Barka haogopi mtu yeyote, isipokuwa dada yake tu. Hapo ndipo pa kumbania.

Nikamwandikia Jeilani mwanzo wa makala. Nilimwita Bi Barka Firauni. Kisha Karuni. Kisha nikauliza wasomaji kama nazi zina roho zaidi ya watu. Nikatetemeka mwenyewe kwa uzuri wake.

Jeilani akasoma hadi mwisho, akanishukuru (ana adabu sana), akasema labda tugeuze kidogo. Akageuza yote. Asema mtu ukimtukana mbele za watu atashikilia lake hata kama amekwisha kulichoka. Sisi tumsifu. Tuieleze Unguja nzima kuwa yuko mama Lamu aliyetoa chumba chake kwa elimu miaka sita, wala hakuomba hata asante. Dada yake atajivuna. Na mtu aliyekwisha kusifiwa mpaka Unguja atawezaje kututoa kwa ajili ya nazi?

Kichwa gani hiki! Ningekuwa nacho mimi ningekuwa kadhi. Kisha akasema sifa peke yake hazitoshi, lazima ziwe kweli, akataja mambo ambayo mimi sikuwahi kuyatia akilini: kwamba mwezi wa Ramadhani ni yeye anayeteremsha uji, na kwamba mvua ilipovujisha dari alitengeneza chumba chetu kabla ya chake. Mwisho tutaomba dua yake tu. Chumba hatutakitaja hata mara moja! Ataelewa.

Tumekubaliana kila kitu isipokuwa jina la nani litangulie. Jeilani asema kwake ni mamoja. Basi langu.

Jumatano, 18 Mfungo Tano

Makala imekamilika. Jeilani aliiandika asubuhi, mistari kumi na minane, na nilipoisoma nililia. Hapo alipoandika kwamba mwanafunzi akisahau kila alichosomeshwa hatausahau mlango uliokuwa wazi, nilitoka nje nikajifanya nakohoa.

Kazi ya kuinakili nimeichukua mimi. Jeilani alitaka kuinakili mwenyewe, nikakataa katakata. Yeye ametoa maneno, na mimi nitoe mwandiko. Mwandiko wangu una mikia mirefu ya kupendeza. Jina langu, Abdulghafur, limechukua mstari mzima. Lake limepata pembe pale chini.

Nimemtengenezea na kosa moja. Hata yeye hukosea, masikini! Mwisho kabisa, palipo na maneno "sisi wawili twaomba dua kwa Bi Barka", neno dua aliliandika, kwa herufi zetu za Kiarabu, dali, aini, alifu. Aini! Nani amewahi kusikia aini katika dua? Nikitamka mimi nasikia u, na u ni wau. Nikaitoa aini nikatia wau safi, nene, iliyonona. Sikumwambia. Mtu hodari hapendi kuonyeshwa kosa, na mimi simsahihishi ili anishukuru.

Kesho naipeleka kwa Bwana Khatib, mshona kofia, ambaye ndiye mkusanyaji wa barua za gazeti hapa Lamu. Ana ada moja: kila barua huisoma kwa sauti barazani kwake kabla ya kuifunga, ili isemwe kwamba Lamu imesikia kabla ya Unguja. Na baraza yake inatazamana na dirisha la Bi Barka. Itakuwa kama kumsomea sikioni!

Alhamisi, 19 Mfungo Tano

Nataka kufa.

Baada ya alasiri baraza ilijaa. Nilisimama mbele nionekane. Bwana Khatib akavaa miwani akasoma, na wallahi watu walinyamaza. Pale kwenye uji wa Ramadhani mzee mmoja alisema Allah. Pale kwenye mlango uliokuwa wazi nikaona pazia la dirisha la juu likisogea. Jeilani alikuwa nyuma kabisa, ametazama chini, na masikio yake yamekuwa mekundu kwa haya. Nilijiona kama niliyeshinda vita.

Bwana Khatib akafika mwisho. Akasoma kwamba sisi wawili twaomba dawa kwa Bi Barka. Akasimama. Mtu akauliza wanaumwa nini. Bwana Khatib akaleta karatasi karibu na pua, akasema hapana, Bi Barka si mganga, na dali, wau, alifu yasomeka vingine pia. Akafikiri. Nuni inayotangulia dali mara nyingi hatuiandiki, msomaji huitia mwenyewe, na wau ni u na ni o. Uso wake ukang'aa kwa kuwa amepata. Akasoma tena, kwa sauti ya kufika gatini: sisi wawili twaomba NDOA kwa Bi Barka!

Wawili! Kwa pamoja! Mwanamke mwenye miaka sitini na mitano!

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mshona kofia mwenyewe aliangusha miwani. Kisha likashuka kapu la Bi Barka kutoka dirishani, lile la kununulia samaki, kwa kamba yake, na sauti ikasema karatasi hiyo itiwe humo. Bwana Khatib akaitia. Kapu likapanda. Dirisha likafungwa.

Jeilani akaniuliza, kwa upole, kama niligeuza neno lolote. Nikamwambia hata moja.

Ijumaa, 20 Mfungo Tano

Njia nzima ya msikitini nimeitwa bwana harusi. Mama ameuliza ni lini atampata mkwe aliye rika la mamake. Dada zangu wanne wameanza kupanga nani atapiga ngoma.

Nilikwenda chumbani kumwomba radhi Jeilani. Nikamkuta anafunga vitabu vyake katika kapu la ukili, taratibu, kila kimoja akakifuta vumbi kwanza. Nikakiri kuhusu wau. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Akasema makala yetu ilikuwa nzuri mpaka mstari wa kumi na saba, na mistari kumi na saba si haba. Kisha akanipa kalamu yake ya mwanzi kwa sababu kule kwao hataihitaji.

Nimekuja nyumbani nikalala kifudifudi. Mtu mzuri kiasi hiki nimempoteza kwa herufi moja! Najichukia, na hili silisemi kwa mchezo.

Jumamosi, 21 Mfungo Tano

Bi Barka ametuita! Mwalimu mbele, Jeilani nyuma yake, mimi nyuma ya Jeilani, nimejificha kadiri nilivyoweza. Akakaa nyuma ya pazia, tukaona vidole vyake tu na karatasi yetu.

Akauliza nani aliyetunga. Mwalimu akasema Jeilani. Akauliza nani aliyenakili. Nikazidi kuinama nyuma ya Jeilani. Kisha Bi Barka akasema, na haya nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwake: "Aini i wapi, mwanangu? Umeila?"

Nikasema sikujua kuna aini. Akacheka mpaka pazia likatikisika. Kumbe anasoma kuliko sisi sote! Babake alimsomesha katika nyumba hii hii, kabla baba zetu hawajazaliwa. Miaka sita anatusikiliza kutoka juu, na miaka sita, asema, anamsikia mmoja akikosea mahali pale pale, siku zote, wala hachoki. Ndiyo maana alisema haoni faida.

Kisha akasema amefikiri usiku kucha. Akitufukuza, huyu mwenye mikia mirefu ataachwa mjini na kalamu mkononi, na wiki ijayo atakuwa amemposea Liwali. Afadhali afungiwe humu. Basi darsa itakaa chumbani mpaka siku huyu atakapojua aini inakaa wapi. Siku hiyo yeye Bi Barka apewe ufunguo, alete mbata zake.

Kuhusu Jeilani akasema neno moja tu, kwamba mlango uko wazi. Jeilani aliinama akafuta macho kwa kanzu yake, na mimi nikafuta kwa yangu, ingawa sikualikwa.

Makala imerudishwa kwa Bwana Khatib iende Unguja na meli ijayo. Bi Barka ameitia aini kwa mkono wake. Wallahi, mwandiko wake unaushinda wangu. Mikia mifupi, lakini unaushinda.

Jumatano, 25 Mfungo Tano

Nimewaza siku nne, na sasa naona jinsi mambo yalivyo. Darsa inaning'inia kwangu mimi! Nikijifunza, Jeilani anarudi Mbwajumali. Basi lazima nijue aini na nijifanye sijui. Hila kubwa kuliko zote! Nilikesha nikijifunza, nikaijua kabisa.

Leo Mwalimu ametusomea maneno manne tuyaandike: saa, maana, jamaa, dua. Dirisha la juu liko wazi, Bi Barka anasikiliza. Nikaamua nipate matatu, kwa heshima ya Mwalimu, na nikosee moja kwa makusudi, kwa ajili ya Jeilani. Nikachagua saa. Kila mtu anajua saa haina aini. Nikaitia aini kubwa katikati, nikajiuma midomo nisicheke.

Mwalimu akatazama ubao wangu. Akasema maana imekosa aini. Jamaa imekosa aini. Dua inayo, lakini nimeiweka mwisho kabisa, nje ya neno. Saa ndiyo peke yake iliyo sahihi.

Bi Barka akauliza kutoka juu ni mangapi. Mwalimu akasema moja katika manne. Ikasikika sauti yake akimwita mpwa wake apeleke mbata zote Kiwayu, kwa ndugu yake, na asiwe na haraka ya kuzirudisha, kwani hili litachukua miaka.

Jeilani alinikumbatia mbele ya watu. Nikamnong'oneza kwamba yote yalikuwa makusudi, tangu ile wau ya kwanza. Akasema anajua. Rafiki gani huyu!

Kapu lake la vitabu limefunguliwa tena. Tumekubaliana kuandika makala ya pili, ya kumshukuru Bi Barka, na rasimu yake ameniachia nilale nayo. Nzuri ajabu. Nimemsahihishia maneno mawili.